Mkomamanga wa Nyuma ya Duka

Binti yangu mdogo aliniletea chupa ya maji ya komamanga kutoka supamaketi moja ya Kericho, kwa sababu ya hii presha yangu. Akaketi jikoni, akatoa simu, akaanza kunisomea: komamanga ni zuri kwa moyo, kwa mishipa, kwa tumbo, kwa ngozi, ati hata kwa magoti. Nikamwacha asome. Mengi ya hayo nilikuwa nimeyasikia kabla yeye hajazaliwa, tena kwa mtu aliyeyajua kwa mikono, si kwa simu. Daktari wa kliniki alikuwa ameshaniambia ninywe nikitaka, mradi nisithubutu kuacha vidonge. Sikuyanywa. Chupa ilikaa juu ya kabati mpaka ikaanza kufura, nikaimwaga nyuma ya zizi, na binti yangu akaninunia siku mbili. Sikumwambia kwamba komamanga halijapita kooni mwangu tangu nikiwa msichana. Miaka thelathini na mitatu nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia wakikosea waseme, hakuna atakayewala. Mimi mwenyewe nilikosea na sikusema.

Ningeendelea kutosema, nisijisifu bure. Lakini wiki ile ile nilikwenda Sotik kununua chumvi ya ng'ombe, na katika foleni ya duka la dawa za mifugo mama mmoja mnene, mwenye sweta ya kijani, akawa ananitazama na kunitazama tena. "Si wewe ni Chebet? Chebet wa Kogo?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo kwa miaka mingi, watu huniita Mwalimu. "Mimi ni Njeri," akasema. "Njeri wa duka. Merigi." Nikashika kaunta. Akanikumbatia, akacheka, akaniambia yeye ana ng'ombe wanne, na mama yake bado yuko, kule Kedowa. "Miguu imekataa, lakini mdomo uko sawa kabisa. Na vile huwa anakutaja! Anasema Merigi nzima ni wewe peke yako ulimlilia. Kuja umwone, Chebet. Atafurahi sana." Nikasema nitakuja, kwa ile sauti ya mtu asiyekusudia kuja. Nikatoka na kuisahau chumvi niliyokuwa nimeshalipia, ikabidi kijana wa duka anikimbilie nayo.

Mwaka ninaousema, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo. Nikapelekwa kukaa na bibi yangu Merigi, maana alikuwa mgonjwa wa tumbo na hakuna aliyekuwa na nafasi isipokuwa mimi. Kwetu bibi tunamwita Kogo, na huyu wangu hata watu wasiokuwa wa ukoo walimwita hivyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lililonuka moshi na maziwa. Vibuyu vyake saba vilining'inia ukutani kwa kamba za ngozi, kila kimoja na mfuniko wake, na alivijua kwa tabia kama mtu anavyojua ng'ombe wake: hiki kinagandisha haraka, hiki ni cha wageni, hiki kina uvivu. Kazi yangu kubwa ilikuwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Unachukua kijiti kikavu cha mti wa senetwet, unakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakisugua ndani ya kibuyu kilichooshwa mpaka kuta zote ziwe nyeusi, unasawazisha kwa ufagio wa ukindu, ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Siku nne, tano, yako tayari. Tumbo la Kogo lilikuwa linaendesha, linatulia, linaendesha tena. Dispensari walimpa dawa mara tatu. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, akaifunga kwa uzi. Ugali aliusukuma, chai aliisukuma. Kitu kimoja tu hakukisukuma: mursik.

Nyuma ya duka la Mama Njeri, hatua chache kutoka kwenye ua wetu, kulikuwa na mkomamanga. Mama Njeri na mume wake walikuja kutoka Murang'a kabla mimi sijazaliwa. Yeye aliuza sukari, sabuni na mafuta ya taa, na Baba Njeri alishona nguo kwenye baraza, mashine yake ikilia kutwa. Mche wa mti huo Mama Njeri aliletewa na kaka yake aliyefanya kazi Mombasa, na pamoja na mche akaletewa maneno ya mama mmoja wa huko aliyekuwa jirani wa kaka yake. Maneno hayo Mama Njeri aliyashika kuliko katekisimu. Ganda likaushwe, lichemshwe, maji yake ni ya tumbo la kuendesha na ya kusukutua koo linalouma. Ua likikauka lisagwe liwekwe kwenye fizi zinazotoka damu. Maji ya punje apewe mama aliyejifungua, arudishe damu. Gome la mzizi ni la tegu, lakini hilo usiguse kama hujui, linaweza kukupeleka. "Huku kwenu baridi," alikuwa ananiambia, akianika maganda kwenye ungo juu ya paa la choo, "tunda haikomai vizuri, inapasuka ikiwa bado chungu. Lakini ganda ni ganda. Hiyo baridi haiwezi." Ni kweli, makomamanga yale yalikuwa madogo kama ngumi ya mtoto, na makali ya kukunja uso. Lakini sikumbuki mama wa Merigi mwenye mtoto anayeharisha ambaye hakupita pale kabla ya kwenda dispensari, na Mama Njeri hakumtoza mtu. Alisema dawa ya mti haiuzwi, mti wenyewe haukumtoza.

Kogo alipougua, Mama Njeri akaleta mkebe wa maganda. Kogo akashukuru sana, na mgeni alipotoka akanigeukia. "Mimi ninywe maji ya maganda? Nimekuwa mbuzi?" Hakuonja hata tone. Lakini chombo hakirudi kitupu, hiyo ni sheria kwetu na ilikuwa sheria kwa Mama Njeri pia, kwa hiyo Kogo akaujaza mkebe maharagwe. Wiki iliyofuata mkebe ukaja tena na maganda, ukarudi na mayai. Ukaja tena, ukarudi na mahindi mabichi. Mama Njeri aliponiuliza dukani, "Na anakunywa?" nilijibu anakunywa. Naona kicheko changu cha siku ile ndicho kilichonifunza uongo. Nilicheka moyoni: huyu bibi yangu analipia dawa asiyoinywa! Huku anazidi kukauka. Asubuhi moja nilimwinua kumwosha nikamwona mwepesi kama kikapu cha chai kabla ya kuchuma, nikatoka nje nikalia kwenye majani ya chai mpaka sketi ikalowa umande.

Hapo ndipo akili yangu ya kidato cha nne ilipofanya kazi. Nilijiambia: Kogo hanywi maganda, lakini anakunywa mursik. Mursik huchukua ladha na nguvu ya mti uliochomwa; kila mtu anajua, ndiyo maana tunachagua senetwet na si mti wowote. Basi nikikisugua kibuyu kwa kaa la mkomamanga, dawa itaingia kwenye maziwa, na Kogo atainywa bila kujua. Nilijiona nina akili kuliko dispensari nzima. Kumwomba Mama Njeri kijiti sikuweza, kwa sababu ningelazimika kumwambia kwamba wiki zote zile maganda yake tuliyamwaga. Nikangoja Jumapili, wakati kila mtu yuko kanisani, nikaruka ua na panga la Kogo.

Nilitaka tawi moja, unene wa kidole gumba. Tawi hilo lilikuwa pale shina lilipogawanyika. Nikapiga mara moja, mara mbili, nikalishika na kulivuta kwa uzito wangu wote, na mti ukalia, ukapasuka katikati mpaka karibu na chini. Nilisimama nimeshika tawi, nusu ya mti imelala kwenye nyasi na maua yake mekundu. Ningeacha hivyo, mtu angesema ni ng'ombe, au ni upepo. Lakini mimi niliona ule mpasuko unaniumbua, unaonyesha mtu asiyejua kukata. Kwa hiyo nikamaliza kazi. Nikaukata wote, safi, kwenye urefu wa goti, nikapanga matawi kando ya ua. Ee Mungu wangu. Mpaka leo nikiona kisiki kilichokatwa safi natazama pembeni.

Lazima mjue ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka wa kura. Kwenye banda la kupimia majani chai, wanaume waliongea wakingoja lori, na sisi wasichana tulisikia tukipanga vikapu. "Wageni watajua kwao ni wapi." "Wee, nyamaza, huyo ni jirani." "Jirani ana kwao." Wengi walikuwa wanabwata tu, midomo mirefu isiyo na mikono, na mzee mmoja aliwakemea kila siku. Lakini redio ilisema mambo ya kwingine, na Mama Njeri alikuwa na redio. Mtu wa kabila lingine kama Mama Njeri, mwaka kama ule, akirudi kutoka kanisani akute mti alioupanda umekatwa kwenye goti, matawi yamepangwa, na hakuna kilichoibiwa, hahitaji kusomewa barua ya kufukuzwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuliwaza hilo hata kidogo. Naapa. Niliwaza maziwa.

Siku ya nne nikampa Kogo kikombe. Akanusa, akaonja, akatema kwenye majivu. "Hii si senetwet. Umechoma nini humu?" Nikamwambia ukweli, wote, kwa sababu Kogo alikuwa na macho ambayo huwezi kuyadanganya ukiwa karibu. Akakiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mti wa mtu. Nenda. Nenda sasa hivi umwambie, kabla hajafikiria mengine." Yeye alifahamu mara moja kilichonipita mimi. Nikaenda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mashine ya Baba Njeri ilikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida siku ya Alhamisi. Nilimsikia akisema ndani, "Hii ni mti tu, Mama Njeri. Mti." Naye akamjibu, "Wewe hujui watu." Kisha akaniona. Kabla sijafungua mdomo alinivuta kifuani, nguo yake ikinuka sabuni ya mche. "Angalau wewe umekuja," akasema. "Siku nne, hakuna mtu amekuja kuniambia pole. Angalau wewe, mtoto wangu." Nikaanza kulia. Nililia kwa aibu, kwa woga, kwa kamasi, na kila nilipolia yeye alinibana zaidi na kunipapasa mgongo, akisema nyamaza, si makosa yako. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa na nafasi kubwa kama mlango wa kanisa. Nikayameza.

Nikarudi. "Umemwambia?" Kogo akauliza. "Nimemwambia." "Amesema nini?" "Amesema si makosa yangu." Angalieni nilivyojua kuchagua maneno! Kogo akapumua kwa raha. Kesho yake akajikokota hadi jikoni, mgonjwa vile vile, akachagua kile kibuyu cha wageni, chenye ushanga wa buluu kwenye mfuniko, akakijaza mursik halisi aliokuwa ameuhifadhi. "Mpelekee. Mwambie Kogo amesema asante kwa moyo wake." Hiyo ilikuwa shukrani ya mtu aliyesamehewa. Nikaipeleka. Mama Njeri akakishika kibuyu, akakitazama, akaona zawadi ya mtu anayesindikizwa safari. "Nilikuwa nimeambia Baba Njeri tungoje kwanza nimuulize Kogo," akasema. "Yeye hawezi kunidanganya. Sasa amenijibu kabla sijauliza. Ameniaga." Kumwambia la, si hivyo, kulikuwa ni kumwambia yote. Nikatazama miguu yangu. Akasema, "Mwambie asante. Ameniaga vizuri."

Jumanne lori likaja. Walipakia magodoro, mizani, mashine ya kushona, wakaenda Kedowa kwa dada yake Mama Njeri. Kogo alisikia mlio akauliza, nikamwambia wamepata shamba. Akashangaa. "Wameenda bila kuniaga?" Jioni akauliza tena, "Na kibuyu changu?" Nikainama nikapuliza moto. Baadaye, kwenye hospitali kubwa, waligundua tumbo lake lilikuwa na amiba, wakampa vidonge, na wiki mbili baadaye alikuwa analima. Aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kila palipotajwa jina la Mama Njeri alisema kwa uchungu, "Hata yeye, kumbe, ni mtu wa kwenda na vyombo vya watu." Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikimenya viazi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya mwongo mwingine. Yangu niliitembea hadi nikapata wajukuu.

Nilikwenda Kedowa mwezi uliopita. Sijui ni nini kilichonitoa nyumbani. Nafikiri ni lile neno la Njeri, kwamba mimi peke yangu nililia. Nisingeweza kufa nikiwa na sifa hiyo. Njeri alinipokea getini, akaniingiza kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma kila mahali, na Mama Njeri alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, blanketi magotini. "Chebet!" akasema. "Kuja nikuone. Haiya, umezeeka, hata wewe!" Tukacheka. Tukaletewa chai na nduma. Akanisimulia mambo yao. Mwaka mwingine wa kura, Kedowa huko huko, walikimbia wakalala kwenye sakafu ya kanisa wiki tatu. Waliporudi nyumba ilikuwa imesimama lakini mashine ya kushona ilikuwa imeenda, na Baba Njeri alikuwa ametoka kanisani na kifua ambacho hakikupona. Nikauliza, kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, kama alipanda mkomamanga tena. "Hapana," akasema. "Ile moja ilinitosha. Ilinionyesha watu."

Nikaweka kikombe chini nikamwambia. Maziwa, kaa, Jumapili, panga, mpasuko, kibuyu. Sikujipamba. Njeri alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Mama Njeri akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Rudia pole pole." Nikarudia.

"Ulikuwa unataka makaa," akasema.

"Ya kibuyu. Ya Kogo."

"Hakuna mtu alikutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna mkutano ilifanywa?"

"Hakuna, Mama Njeri."

"Na Kogo hakuwa ananiaga."

"Alikuwa anakushukuru. Alidhani umenisamehe."

Akatazama nje dirishani. "Wale wenzetu wa Murang'a, wenye zile duka mbili zingine, walibaki Merigi?"

"Walibaki. Sasa ni wajukuu wao wanauza."

"Hakuna mtu alikuwa anataka tutoke," akasema, na hilo hakuliuliza. Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu akasema, "Baba Njeri aliniambia. Aliniambia, hii ni mti tu. Mimi nikamwambia hajui watu. Mpaka anakufa nilikuwa namwambia hajui watu." Akalivuta blanketi juu ya magoti. "Basi tulihama bure."

Nikapiga magoti, uzee na presha yangu na yote, nikasema pole. Akanitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na ningeomba hasira. "Pole ni ya mtu amejikwaa," akasema. "Wewe ulikuwa unaniona nalia, na ulikuwa unajua." Ni kweli, nilikuwa najua.

Kisha akamwambia Njeri kitu kwa Kigikuyu. Njeri, bila kunitazama, akaingia chumba cha ndani, akarudi na kibuyu cha Kogo. Kamba ilikuwa mpya, ushanga wa buluu ulikuwepo wote, na ngozi yake ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Mtu alikuwa amekipaka mafuta miaka yote hiyo. Mama Njeri akakishika mapajani kidogo, akakinyoosha kwangu. "Chukua cha nyanya yako." Nikakipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa, nikaaga, na Njeri hakunisindikiza. Mfuniko ulikuwa umekazwa vizuri. Nilipofika nje ya geti nilisimama kando ya barabara nikakitikisa karibu na sikio, nikitumaini kusikia hata ganda moja kavu likigonga ndani. Hakikuwa na kitu.